Mdogo wangu amepoteza mkono kazini: tujiandae vipi kabla ya kwenda halmashauri?

Swali: Shikamoo mama. Ninakuandikia kutoka wilaya ya Mufindi. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 31, alikatwa mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko na mashine ya kupasulia mbao miezi 9 iliyopita, akiwa kibaruani. Ana mke na watoto wawili. Kijijini tumeambiwa kwamba halmashauri hutoa fedha za kila mwezi kwa walemavu, na jirani mmoja anatushauri tumpe mtu anayeijua ofisi shilingi 50,000 ili atushughulikie. Tuandae nini, tuanzie ofisi ipi, na je, ni lazima aende mwenyewe? Tangu ajali ile hapendi kuonekana na watu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mdogo wako, na wewe pia upokee pole, maana mtu anayebeba karatasi za mgonjwa naye amechoka, ingawa hakuna anayemuuliza. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri za Nyanda za Juu Kusini hadi nilipostaafu, na barua kama yako nimezisoma nyingi nikiwa upande wa pili wa meza. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako lina mambo matatu uliyoyauliza na jambo moja ambalo hukuliuliza, na hilo la nne ndilo lenye haraka kuliko yote.

Nianze na zile shilingi 50,000. Msizitoe. Kumwona afisa ustawi wa jamii, kujaza fomu zake na kuhojiwa naye hakuna malipo yoyote, na hakuna kishoka mwenye uwezo wa kukupatia huduma ambayo sheria haikupi. Akiendelea kuwasumbua, au mtumishi yeyote akidai fedha ili apokee faili lenu, namba ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga hakuna gharama. Fedha hizo ziwekeni kwa ajili ya nauli, nakala za karatasi na picha ndogo, kwa maana safari zitakuwa zaidi ya moja.

Sasa niseme wazi jambo ambalo wengi huambiwa nusunusu. Tanzania Bara haina malipo ya kila mwezi yanayotolewa kwa kila mtu mwenye ulemavu kwa sababu tu ana ulemavu. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, lakini ile ni ya wazee waliofikisha miaka 70, na wengi huisikia redioni wakadhani inahusu ulemavu na inahusu nchi nzima. Kwa hiyo familia inayofika ofisini ikasema, "Tumefuata fedha za walemavu," hujibiwa kwamba hakuna, ikarudi nyumbani imevunjika moyo, na afisa aliyejibu hakusema uongo. Kilichopo ni huduma kadhaa zilizotawanyika, kila moja ikiwa na sheria yake, ofisi yake na masharti yake. Kujiandaa maana yake ni kujua unaomba nini hasa, na kufika na ushahidi wa jambo hilo.

Barua yako inasema aliumia akiwa kibaruani. Hapo ndipo penye jambo ambalo hukuliuliza. Mtu anayeumia kazini ana haki iliyo tofauti kabisa na msaada wa halmashauri, nayo ni fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaufahamu kwa herufi WCF. Mfuko huu hulipia matibabu, hulipa kwa ulemavu wa muda na wa kudumu, hugharimia utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu katika maisha na kazi, na una malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Kwa ulemavu wa kudumu, madaktari hukadiria kiwango kwa asilimia: kisipozidi asilimia 30 mhusika hulipwa mkupuo mmoja, na kikizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo fedha ya kila mwezi mnayoitafuta halmashauri huenda ipo, ila iko mlango mwingine. Na mlango huo una muda wake, kwa sababu taarifa ya ajali inatakiwa kutolewa ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Miezi 9 imekwisha kupita. Hesabu miezi iliyobaki, uizungushie duara kwenye kalenda, na mambo mengine yote niliyoyaandika hapa chini yafuate baada ya hili.

Najua utakachosema. Hakuwa na mkataba, alikuwa akilipwa kila Jumamosi, na mwenye mashine huenda hajawahi kusajili mtu yeyote. Kazi za kupasua mbao kwa zile mashine ndogo ambazo huko kwenu mnaziita dingdong ndivyo zilivyo, na nimewaona vijana wengi waliotoka huko wakiwa wamepungukiwa vidole, wakaamini kwamba kwa kuwa hawakuandikishwa popote basi hawana haki popote. Wajibu wa kujisajili katika Mfuko na kutoa taarifa ya ajali ni wa mwajiri. Kama hakuutimiza, isiwe sababu ya ninyi kunyamaza. Andikeni taarifa, muipeleke kwa Afisa Kazi wa mkoa, Iringa mjini, mkieleza jina la mwajiri, mahali mashine ilipokuwa, tarehe ya ajali na walioshuhudia, na mumwombe awaelekeze namna ya kuifikisha kwa Mfuko. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na yenye tarehe, kwa kuwa siku moja nakala hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba hamkuchelewa.

Ushahidi wa kwamba alifanya kazi pale mnaweza kuupata hata bila mkataba. Jumbe za simu zinazoonyesha fedha alizotumiwa na mwajiri au msimamizi ni ushahidi, kwa hiyo asiibadilishe simu wala kufuta chochote. Daftari la malipo, kama kuna mwenzake anayeweza kulipiga picha ukurasa wenye jina lake, ni ushahidi. Wenzake wawili au watatu waliokuwepo siku ile waandike maelezo yao sasa, wakiwa bado wanakumbuka na kabla hawajahamia msitu mwingine. Kama ajali iliandikishwa polisi na mkapewa fomu ya PF3, nakala yake ni ya thamani kubwa. Mwulizeni pia kama aliwahi kukatwa michango ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, popote alipofanya kazi kabla ya hapo, maana mfuko huo una pensheni yake ya ulemavu kwa mwanachama aliyetimiza masharti.

Baada ya hilo, twende halmashauri. Hakikisha kwanza ni halmashauri ipi. Ninalisema hili kwa sababu huko kwenu ziko mbili, Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi na Halmashauri ya Mji Mafinga, na watu hufika Mafinga wakaingia katika jengo la kwanza wanaloliona. Hali ni hiyohiyo Iringa, ambako Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ni ofisi mbili tofauti, na Mbeya, ambako Jiji si Halmashauri ya Wilaya, na hata Rungwe, ambayo ndani yake imo Halmashauri ya Busokelo. Mtendaji wa kijiji chako anajua ninyi ni wa wapi. Safari inaanzia kwake, kwa kuwa barua ya utambulisho yenye picha na muhuri wake ndiyo itakayowafungulia ofisi nyingine zote. Mwombe barua hiyo iseme mambo manne: kwamba mdogo wako ni mkazi wa kijiji hicho, kwamba ana ulemavu uliotokana na ajali ya tarehe fulani, kwamba ana wategemezi kadhaa, na hali ya kipato cha kaya yake ikoje. Barua inayosema tu kwamba "mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe" haimpi afisa kitu chochote cha kuandika katika faili.

Hapohapo kijijini ulizeni kama jina lake limo katika orodha ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu. Vijiji vingine kamati hizo ni hai, vingine zimebaki majina kwenye karatasi, lakini hata pale zilipolala, kuuliza habari zake huwakumbusha viongozi kwamba zipo. Ajali yake haijatimiza mwaka, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba orodha iliandikwa wakati bado ana mikono miwili.

Kuhusu nyaraka, zinazohitajika si nyingi kama watu wanavyoogopa: kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kama anacho, barua ya mtendaji, karatasi za hospitali, picha ndogo kadhaa, na vyeti vya watoto kama vipo. Kinachowarudisha watu nyumbani mara nyingi ni majina kutofautiana. Hospitali iliandika jina la ubatizo na jina la baba, NIDA ina jina la ukoo, benki ina jina la utani alilozoea tangu shuleni. Kwetu huku majina ya ukoo huandikwa kwa masikio ya mwandishi, Mwakyusa leo, Mwakiusa kesho, na mtu mmoja akawa watu wawili kwenye makabati ya Serikali. Kaeni chini jioni moja, mtandaze karatasi zote mkekani, msome jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji katika kila moja, herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, zirekebisheni pale zilipoanzia kama inawezekana, na kama haiwezekani basi aape kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, ili kiapo hicho kiambatanishwe na kila ombi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nauli za kurudishwa mara tatu.

Karatasi ya daktari inahitaji maelezo zaidi kidogo. Ile mliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitalini inaeleza matibabu tu, yaani alifika lini, alifanyiwa upasuaji gani, alipewa dawa gani. Haielezi maisha yake baada ya hapo. Rudini hospitali iliyomtibu, mkiwa na namba yake ya faili, mwombeni daktari aandike taarifa inayosema mkono umekatwa sehemu gani, kama ulemavu ni wa kudumu, kama kidonda kimepona vizuri au kigutu bado kinamuuma, kama anaweza kuvaa mkono bandia, na ni kazi za namna gani hawezi kuzifanya tena. Kama alikuwa akitumia mkono wa kulia kwa kila kitu, hilo nalo liandikwe. Kama hapati usingizi, anashtuka akisikia mlio wa mashine, au amekata tamaa ya kuishi, mwambieni daktari pia, kwa kuwa nalo ni jeraha na lina tiba yake, na katika hospitali za rufaa wapo wataalamu wa afya ya akili ambao kazi yao ni hiyo.

Sasa nifike kwenye mahojiano yenyewe, ambako nimeona haki za watu zikipotea bila mtu yeyote kuzinyang'anya. Sheria ile ya 2010 haikuufafanua ulemavu kwa kuhesabu viungo. Inauona kuwa ni kupoteza, au kupungukiwa, nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Kwa hiyo afisa anayeijua kazi yake hatazami mkono uliokatwa peke yake. Anataka kujua mkono huo umeondoka na nini. Na hapa desturi zetu njema hutuponza. Mtu wa Iringa akisalimiwa "Kamwene" ataitikia kwa heshima, akiulizwa habari atasema nzuri, akiulizwa anaendeleaje atasema anamshukuru Mungu. Ndivyo tulivyolelewa, na sitaki mtu yeyote aache adabu hiyo. Lakini afisa naye ana karatasi mbele yake, na anachokisikia ndicho anachokiandika.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, alikuja mbele yangu baba mmoja mchuma chai kutoka milima ya Rungwe, aliyepooza upande mmoja wa mwili. Nilimuuliza kama anaweza kujihudumia mwenyewe. Akasema anaweza, anamshukuru Mungu. Nikaandika kwamba anaweza. Mwaka uliofuata nilifika nyumbani kwake kwa shughuli nyingine, nikakuta mke wake akimvisha shati, akimkatia chakula na kumshika mkono kwenda chooni. Yule baba alikuwa na mke mwema, wala hakuwa amenidanganya, kwa sababu kwake yeye mke alikuwa sehemu ya kuweza kwake. Aliyekosea ni mimi, niliyeuliza swali la juujuu. Tangu siku hiyo nikawa nauliza, "Asubuhi unapoamka, nani anakufunga vifungo?" Si kila afisa atauliza hivyo, kwa hiyo jiandaeni kujibu hata msipoulizwa.

Namna ya kujiandaa ni hii. Chukueni daftari, muandike siku yake moja ya kawaida tangu anapoamka hadi anapolala. Anaoga vipi? Nani anamchotea maji na kumkamulia nguo? Anaweza kushika jembe, kupasua kuni, kubeba debe la viazi, kufunga kamba ya kiatu, kumbeba mtoto, kuandika jina lake? Anapoweza, anachukua muda gani, na anaumia? Kabla ya ajali alikuwa akiingiza kiasi gani kwa wiki, na sasa kaya inaishi kwa nini? Msiongeze chumvi. Anachoweza kiandikwe kwamba anaweza, maana afisa akigundua jambo moja la uongo atalitilia shaka faili lote, na wengi huja nyumbani kukagua bila kutoa taarifa. Lakini msipunguze pia kwa kuona haya. Kisha yafupisheni maelezo hayo yawe ukurasa mmoja, kwa mfano hivi: "Kabla ya ajali nilikuwa napasua mbao na kulima ekari 2 za mahindi. Sasa siwezi kushika jembe wala msumeno. Mke wangu ananisaidia kuoga, kuvaa na kukata chakula. Kigutu kinauma wakati wa baridi na usiku. Ninaomba huduma zifuatazo." Sentensi fupi za namna hiyo, zenye vitu vinavyoweza kuthibitishwa, zina nguvu kuliko ukurasa mzima wa maombi ya kuhurumiwa.

Katika barua hiyo andikeni "mtu mwenye ulemavu" badala ya "mlemavu" kama ulivyoandika kwangu. Sikulaumu, mitaani ndivyo tunavyosema sote. Lakini sheria yenyewe inaanza na neno mtu, na ningependa mdogo wako ajisome hivyo katika karatasi yake mwenyewe.

Umeniuliza kama ni lazima aende. Kwa kupeleka taarifa au kufuatilia jibu, wewe unaweza kwenda ukiwa na barua yake aliyoitia sahihi au dole gumba. Kwa mahojiano na kwa uchunguzi wa daktari, ni lazima aonekane, na ningekuomba asionekane tu bali aseme mwenyewe. Dada wengi wenye upendo hujibu kabla ndugu hajafungua mdomo, kisha afisa akaandika maneno ya dada. Wewe kaa pembeni, umkumbushe anachosahau. Kama kuna mzee au mtu asiyekimudu vizuri Kiswahili, ana haki ya kuzungumza Kihehe na wewe ukamtafsiria, na kiziwi ana haki ya kupata mkalimani wa lugha ya alama, ambalo ni vema likaombwa mapema. Kuhusu haya anayoona mdogo wako, sitamwambia asione haya. Ninachoweza kupendekeza ni kwamba kabla ya siku ya ofisi aonane na mtu mwenye ulemavu kama wake ambaye ameshapita njia hiyo. Pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono na kuendesha mgahawa. Mkiwa mmekwenda Iringa kwa Afisa Kazi, mpitisheni pale anywe chai. Msimweleze kwa nini mmempeleka. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, navyo vina wanachama katika wilaya nyingi, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuwaunganisha nao.

Mkishafika mbele ya afisa ustawi wa jamii, ombeni kwa majina. Ombeni rufaa ya kupimwa mkono bandia, na muulize kama kuna wafadhili au bajeti ya vifaa saidizi mwaka huu. CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi ni miongoni mwa taasisi zinazojulikana kwa kutengeneza viungo bandia, lakini ni mbali, kwa hiyo ulizeni kwanza kuhusu hospitali za rufaa zilizo karibu. Ombeni pia utaratibu wa matibabu kwa kaya isiyo na uwezo. Msamaha wa gharama hautolewi kwa sababu ya ulemavu peke yake, bali kwa kuthibitishwa kwamba mtu hana uwezo wa kulipa, ndiyo maana nilisisitiza kwamba barua ya mtendaji itaje kipato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka nafasi ya kuwahudumia wasio na uwezo, kwa hiyo muulizeni kaya yenu iandikishwe vipi chini ya utaratibu huo.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni habari nyingine. Watu huenda halmashauri "kuomba TASAF" kama mtu anavyoomba kibali, lakini kaya haziingii katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini kwa barua. Wakati wa utambuzi unapofika, kaya hutajwa na kupitishwa katika mkutano wa kijiji, kisha hujaziwa dodoso. Asiyehudhuria mikutano husahaulika. Wifi yako, yaani mke wake, awe anakwenda kila mkutano unapoitishwa, na hali ya kaya ijulikane kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya siku hiyo.

Iko pia mikopo ya asilimia 10. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na kanuni zake zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo msitegemee maelezo ya mtu aliyekopa miaka mitano iliyopita. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mpate masharti ya sasa kuhusu idadi ya wanakikundi, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hata hivyo, kwa maoni yangu mdogo wako asiharakie mkopo mwaka huu. Mkopo hurejeshwa, na mtu ambaye bado anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto hajawa tayari kubeba deni la kikundi. Apone kwanza, ajue mikono yake mipya ina uwezo gani, kisha achague kazi inayoufaa mwili wake, iwe kitalu cha parachichi, kuku, au duka dogo.

Siku ya kwenda, kumbukeni kwamba ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na maafisa ustawi wa jamii ni wachache, mara nyingi wako mahakamani na kesi za watoto au vijijini kwa dharura. Pigeni simu kwanza kupitia kwa mtendaji wa kata mjue kama yupo. Bebeni nakala mbili za kila karatasi, na nakala halisi zisiachwe ofisini kwa ahadi yoyote. Zitieni kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu mvua na ukungu wa Mufindi mnavijua wenyewe. Kabla hamjaondoka ulizeni cheo cha aliyewahudumia, namba ya jalada na tarehe ya kurudi, muandike kwenye lile daftari. Ombi likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kwa heshima na bila kupaza sauti, kisha mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri mkiambatanisha jibu hilo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuwasaidia kuiandika bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii inajua waliko.

Lakini hayo ni ya wiki zijazo. Wiki hii andikeni taarifa ya ajali, mkusanye maelezo ya wenzake, na muifikishe Iringa. Ukipata nakala yenye muhuri, niandikie uniambie ina tarehe gani, nami nitakuelekeza hatua inayofuata ya fidia.